Ukwaju: tui linakatika, na je, mzee anayemeza aspirini anaweza kuunywa?

BintiKibokoni aliuliza:

Assalam aleikum jamani. Naomba wajuzi wa ukwaju wanisaidie kwa mambo matatu.

Kwanza ni samaki wa kupaka. Kila ukwaju ukiingia kwenye tui, tui linakatika: mafuta yanaelea juu na chini kunabaki chenga nyeupe. Nazi ni mbili kwa samaki wa kilo moja, na ukwaju unatiwa tui likiwa linatokota.

Pili, ukwaju uliochemshwa kwenye sufuria ya kawaida ukalala humo hadi asubuhi umeingia rangi ya kijivu na ladha ya chuma. Unafaa bado au ni wa kumwaga?

Tatu, kuna mzee wa miaka 70 anayefunga choo. Ameshauriwa anywe maji ya ukwaju kila asubuhi. Anameza aspirini ndogo ya kila siku kwa ajili ya moyo, na dawa ya presha. Kipimo ni kipi, na kuna hatari yoyote?

Ukwaju wenyewe ni wa soko la Marikiti, Mombasa, ule wa donge uliotolewa maganda lakini bado una kokwa.

SeredaniNaMakaa alijibu:

Waaleikum salaam dadangu. Nitajibu ya jikoni, ya dawa nawaachia wenyewe.

Tui ni mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, na kinachoyazuia yasijitenge ni protini za nazi. Protini hizo zinaharibiwa na vitu viwili: moto mkali na asidi. Ukwaju ukimiminwa kwenye tui linalotokota, vyote viwili vinafika pamoja. Ndiyo maana linakatika papo hapo. Nazi zako hazina kosa.

Anza na ukwaju wenyewe. Gramu 250 za ukwaju wa kokwa, vikombe viwili vya maji ya moto ambayo yamechemka yakatulia. Roweka nusu saa kwenye bakuli la kioo au la plastiki ngumu. Vuruga kwa mkono, minya mpaka kokwa zitoke safi, kisha pitisha kwenye chujio ukisukuma kwa mgongo wa kijiko. Utapata rojo zito, kama kikombe kimoja na nusu. Makapi usiyatupe: yatie kikombe kimoja cha maji, kamua mara ya pili. Hayo mepesi ni ya kunywa au ya mchuzi wa kunde. Kwa samaki wa kupaka usiyatumie, kwa sababu tui litakuwa maji na halitashika kwenye samaki.

Samaki wa kilo moja, awe changu, tafi au kolekole, mchanje mara tatu kila upande. Ponda thomu punje sita, kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba, pilipili mbichi mbili na chumvi kijiko cha chai. Changanya na ukwaju mzito vijiko viwili vya meza, umpake mpaka ndani ya michanjo. Akae nusu saa. Wako wanaomlaza usiku kucha wakidhani viungo vitaingia zaidi, lakini asidi inailegeza nyama ya samaki, na asubuhi inamomonyoka kwenye wavu.

Mchome kwanza kwenye makaa yaliyokwisha kushika jivu, karibu aive. Huku unapika tui: vikombe viwili vya tui zito tupu, lile la kwanza, kwenye sufuria ya stili na moto mdogo. Tia thomu na tangawizi zilizopondwa, manjano nusu kijiko cha chai, pilipili kwa kadiri yako. Koroga bila kuacha. Wazee husisitiza ukoroge upande mmoja tu. Kwa maoni yangu upande si kitu, mradi mkono usisimame, kwa sababu tui likiachwa chini linashika moto kuliko juu na hapo ndipo linapoanza kukatika. Baada ya dakika 12 hadi 15 litakuwa zito na kushika kwenye mwiko.

Sasa epua, ungoje dakika mbili tatu. Teka upawa mmoja wa tui kwenye bakuli, changanya na ukwaju mzito vijiko vitatu vya meza, halafu rudisha mchanganyiko huo kwenye sufuria kidogo kidogo ukikoroga. Chumvi ni mwisho. Usilichemshe tena. Paka samaki upande mmoja, geuza, paka wa pili, rudia mara mbili au tatu. Mafuta yakidondoka makaa yatawaka ndimi, basi yasogeze pembeni kwanza, la sivyo tui litaungua kabla halijakauka vizuri.

Tui lililokwisha kukatika halijaharibika ladha. Liepue, tia robo kikombe cha tui zito bichi, ulipige kwa mchapo. Likikataa, koroga kijiko kimoja cha chai cha konflawa kwenye maji baridi, tia, rudisha moto mdogo kwa dakika mbili.

Kuhusu ule wa kijivu, umwage. Sufuria ya kawaida ni ya aluminiamu, na asidi ya ukwaju inaila aluminiamu, hasa ukilala humo usiku mzima. Ndiyo ladha hiyo ya chuma. Tumia stili, kioo, au sufuria yenye enameli isiyobanduka. Vyungu vilivyopakwa rangi ya kung'aa pia jiepushe navyo, maana rangi nyingine zina madini ya risasi na asidi huyatoa yakaingia kwenye chakula.

MfamasiaTudor alijibu:

Nichukue swali la mzee, kwa sababu hapo pana jambo ambalo watu wengi hawalijui.

Ni kweli kwamba nyama ya ukwaju hulegeza tumbo. Ina asidi ya tatariki na chumvi zake za potasiamu, ambazo utumbo hauzifyonzi zote. Zinazobaki huvuta maji na kulainisha choo. Ina nyuzinyuzi pia. Kipimo cha nyumbani kilichozoeleka ni vijiko viwili vya meza vya nyama isiyo na kokwa, sawa na gramu 20 hadi 30. Vilowekwe usiku katika glasi ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vichujwe asubuhi. Mwenye afya aanze na nusu glasi baada ya kula kitu, halafu aongeze glasi ya maji matupu. Anayekunywa nyingi kwa pupa akiwa na njaa hupata msokoto wa tumbo na kuharisha.

Ila kwa mzee huyu, asianze bado. Utafiti uliofanywa kwa watu wenye afya nzuri ulionyesha kwamba ukwaju ukiliwa pamoja na aspirini, aspirini inayoingia kwenye damu huongezeka. Ibuprofeni nayo ni vivyo hivyo. Mtu wa umri huo anayemeza aspirini kila siku tayari yuko karibu na hatari ya kutoka damu tumboni, na hatutaki kuiongeza. Kijiko cha ukwaju kwenye mchuzi mara moja moja sikihofii sana. Glasi ya kila asubuhi ni jambo jingine, na daktari wake aambiwe kwanza. Akiona choo cheusi kama lami, michubuko isiyo na sababu, au damu ya pua isiyokatika, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Halafu presha. Nitajie jina la dawa. Kama ni enalapril, losartan au spironolactone, hizi huufanya mwili ubakize potasiamu, na gramu 100 za nyama ya ukwaju zina potasiamu zaidi ya miligramu 600. Mafigo yakiwa yamechoka, potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Baadhi ya dawa za presha zenyewe hufunga choo, na vidonge vya madini ya chuma pia. Kwa hiyo mwende na dawa zake zote mkononi. Huenda jawabu ni kubadilishiwa kidonge.

Kwa sasa mpeni maji ya kutosha (kama hakukatazwa maji kwa sababu ya moyo), papai bivu, mchicha, kunde, na atembee kidogo jioni. Kufunga choo kunakoanza ghafla kwa mtu wa miaka 70, au kukiwa na damu, kukonda, tumbo kujaa na kutapika, hakutibiwi nyumbani.

Wenye kisukari nao wasidanganywe na ukali wake. Zaidi ya nusu ya uzito wa nyama ya ukwaju ni sukari.

KivuliChaMkwaju alijibu:

Mfamasia amenena. Niongeze sehemu nyingine za mti, kwa sababu watu huzichanganya na kuumizana.

Nyama ya tunda hulegeza. Gamba la mti hufunga, kwa sababu lina tanini nyingi, na ndiyo maana waganga hulichemsha kwa mwenye kuharisha. Mtu anayefunga choo akipewa maji ya gamba atazidi kufunga. Na mwenye kuharisha sana anahitaji kwanza maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, hasa hapa Mombasa ambapo kipindupindu hakijawa hadithi ya zamani. Anayebandua gamba asizungushe shina zima: mti hukauka. Kipande kidogo, upande mmoja, basi.

Majani machanga ni makali na hutiwa kwenye mboga. Yakipondwa hukandwa kwenye kiungo kilichotetereka au jipu lisilopasuka. Usiyaweke juu ya kidonda kilicho wazi. Kokwa huliwa zikikaangwa, zikamenywa ganda la kahawia na kulowekwa. Ukila na ganda lake, tanini zitakukamata tumbo.

Kwa homa, maji ya ukwaju humrudishia mgonjwa hamu ya kunywa, na hilo si dogo. Malaria hayaitibu. Apimwe.

Kununua: ukwaju mwingi wa Marikiti na Kongowea hutoka Ukambani, upande wa Kitui na Makueni, na mwingine hapa hapa Pwani. Ulio mpya ni wa kahawia nyekundu na unanata. Unavyokaa ndivyo unavyokuwa mweusi, na weusi peke yake si ubovu, ila utamu wake hupungua na maji yake huwa ya giza. Kataa wenye harufu ya pombe, wenye matundu ya wadudu, na ule ulioloweshwa ili upate uzito. Vunja donge uangalie katikati. Mchanga nao huwa mwingi, kwa hiyo baada ya kuchuja acha rojo litulie dakika kumi na umimine bila kutikisa. Na kwa kuwa una vitamini C nyingi, bora usiuchemshe.

MfamasiaTudor alijibu:

Hapo kwenye vitamini C nipingane nawe kidogo, ndugu yangu. Ukali wa ukwaju ni wa asidi ya tatariki. Vitamini C yake ni ndogo mno, miligramu tatu au nne tu kwa gramu 100, wakati chungwa lina zaidi ya 50. Anayetafuta vitamini C ale mapera au machungwa. Kuchemsha kwa hiyo hakukupotezei kitu cha maana, na kwa biashara ya juisi ni lazima maji yawe yamechemshwa, na barafu itokane na maji hayo hayo. Ukali hauui vijidudu vya maji machafu kwa uhakika wa kutegemewa.

Na meno: asidi hii hulainisha sehemu ya juu ya jino. Sukutua kwa maji, ungoje nusu saa kabla ya kupiga mswaki.

KaraiLaMamaNgina alijibu:

Mmesahau viazi karai! Ukwaju wa kuchovyea una kanuni yake. Rojo zito kikombe kimoja, maji nusu kikombe, chumvi nusu kijiko cha chai, sukari vijiko viwili vya meza, pilipili ya kusaga kijiko cha chai, bizari nzima iliyokaangwa na kusagwa nusu kijiko. Chemsha dakika tano kwenye stili. Wanaotaka mzito huongeza konflawa. Mimi siungi mkono zaidi ya kijiko kimoja cha chai, kwa sababu inauzima ukali na sosi ikipoa inaganda. Ukitaka uzito, chemsha dakika kumi badala ya tano.

Na kosa kubwa ninaloliona kwa wengi: ukwaju kutiwa mapema kwenye kunde, mbaazi au mbatata za rojo. Asidi huzuia pektini isiyeyuke, na hiyo pektini ndiyo inayozishika chembe za kiazi na za kunde. Utachemsha saa nzima na ndani bado pagumu. Zilainike kwanza kabisa, ukwaju uingie dakika kumi za mwisho.

BintiKibokoni aliuliza:

Ahsanteni sana, Mungu awazidishie. Dawa ya presha ni losartan, basi ukwaju wa kila asubuhi tumeusimamisha mpaka aonane na daktari. La mwisho: rojo zito linakaa muda gani, kwa ajili ya Ramadhani?

SeredaniNaMakaa alijibu:

Mmefanya vyema, dadangu. Rojo lililochemshwa dakika tano na chumvi kidogo, likatiwa likiwa bado la moto kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa, hukaa wiki moja kwenye friji. Tumia kijiko kikavu kila unapoteka. Likitoa povu au kifuniko kikafyatuka, limeanza kuchacha, mwaga.

Kwa mwezi mzima, ligandishe kwenye vibati vya barafu vya plastiki, kijiko kimoja cha meza kila kishimo, kisha uhamishie kwenye mfuko uliofungwa vizuri. Vipande vitatu vinatosha samaki mmoja wa kupaka, yaani tui lake peke yake, viwili vya kumpaka ni mbali. Kwa maji ya futari, vipande sita kwa lita moja, sukari robo kikombe, chumvi ya kubana kwa vidole viwili na tangawizi kidogo iliyokunwa. Koroga, onja, na uchuje tena kabla ya kumimina kwenye jagi.