Eti beberu wangu "mwite Pilau tu"! Yule mtaalamu wa mifugo asikanyage tena bandani kwangu

Wakuu, nina hasira mpaka mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie. Mnamjua. Jina silitaji, ila hakuna mfugaji kuanzia Chanika mpaka Kisarawe asiyeijua ile kofia na ile fimbo yake ya kunyooshea mifugo ya watu.

Nilimwita anisaidie kuchagua madume ya kutoa. Kutolewa lazima watolewe, beberu mmoja anatosha majike 20 na zaidi, na hawa vijana wakifika miezi 4 tu wanaanza kupanda mama zao na dada zao. Sikatai kuchinja. Lakini mtu kaingia bandani, salamu hakuna, kamnyooshea fimbo Sultani, mtoto wa yule mbuzi wangu wa maziwa aina ya Saanen anayeongoza kwa maziwa mtaa mzima, halafu mbele ya mke wangu, mbele ya watoto, mbele ya kijana wa majani, mbele ya kuku: "Huyu mwite Pilau tu."

PILAU!

Hakumfungua mdomo aone umri kwa meno. Sultani hajang'oa hata jino moja la utoto! Hakupapasa korodani aone kama zimeshuka zote mbili na zinalingana. Hakuuliza mama yake anatoa lita ngapi, wakati dume la mbuzi wa maziwa unalichagua kwa mama yake! Kashika mgongo, kashika paja kama mnunuzi wa machinjio ya Vingunguti, Pilau. Na yule mwenye miguu ya nyuma iliyopinda na taya lililochomoza ndiye kasema abaki, "ana sura ya ubeberu". Sura ndiyo itapanda?

Binti yangu kalia mpaka kasusa chakula. Mdogo wake sasa anaita "Pilau! Pilau!" na Sultani anaitika! Nimelipa nauli, nimelipa soda na chapati, mbuzi wangu anaitwa Pilau!

Mzee_wa_Mnadani: Mkuu, mbuzi unampa jina la Sultani halafu unalia? Wangu ni Namba 7 na Namba 8. Siku ya kuwapeleka mnada wa Pugu silii.

MamaWawili_Goba: Huyohuyo! Kwangu alimwangalia ndama dume akasema "hasara inayotembea". Ndama akiwa palepale anasikia!

Kijana_Tabata: Mkuu tuelekeze mtaa tu. Kachumbari nakuja nayo.

Mleta uzi: Wewe wa Tabata uniheshimu. HATA MENO HAKUMWANGALIA!

Ustadhi_Temeke: Kama alimchagulia Idd, kakosea. Mbuzi wa Idd sharti atimize angalau mwaka. Na huyo wa miguu iliyopinda, kama anachechemea waziwazi, naye hafai.

DadaMfugaji: Meno yaacheni jamani. Yule muuza pumba wa pale kona, mnamjua, kanichanganyia mchanga! Mbuzi zizi zima wanaharisha.

Mzee_wa_Mnadani: Una bahati mwanangu. Mimi kaniuzia maranda ya mbao. Na debe lake lina tumbo kwa ndani, anajaza nusu unalipa zima.

MamaWawili_Goba: Afadhali ninyi mnaibiwa pumba. Mbuzi wa jirani yangu wamemaliza mchicha wangu tuta kwa tuta, nikimwambia ananijibu "mama, wale ni wanyama". Mwenye mbuzi naye mnyama?

Kijana_Tabata: Huyo jirani si ndiye mtaalamu mwenyewe?

MamaWawili_Goba: Ndiye!! Na fimbo alikuwa nayo, kashindwa hata kuwafukuza.

Mleta uzi: Jamani turudi kwa Sultani.

DadaMfugaji: Sultani ndiye nani tena? Mwenye kumjua muuza pumba mwaminifu Mbagala aniambie, kesho alfajiri natuma bodaboda.