Mrejesho: ile gari yangu Toyota IST na sevisi ya kampuni

Wakuu, niliuliza kama niendelee kupeleka IST yangu sevisi kwa kampuni iliyoniuzia, maana bili ilikuwa inapanda kila safari. Mmoja wenu akanishauri niweke alama ya kalamu kwenye oili filta na ea klina (vichujio vya oili na vya hewa ya injini) kabla ya kuipeleka, nione kama kweli vinabadilishwa. Nikaweka.

Gari limerudi na risiti ya vyote viwili. Oili filta mpya kweli. Ea klina ileile, alama yangu inanichekea! Msimamizi eti fundi "alisahau". Kubadilisha alisahau, kuandika bei hakusahau. Hela ya ea klina wamenirudishia.

Sasa spea nanunua mwenyewe Kariakoo, fundi wa mtaani anafunga nikiwa nimesimama palepale. Gia boksi tu ndiyo bado sijathubutu kumwachia.