Nafasi moja ya kazi: tuajiri afisa kutoka Nairobi au tuwalipe wahamasishaji wa kijijini?

Mweka hazina, Kasarani

Hamjambo wote. Mimi ni mweka hazina wa shirika dogo lisilo la kiserikali ambalo ofisi yake iko hapa Nairobi, lakini kazi yake yote iko Kaunti ya Kitui, ambako tunashirikiana na vikundi vya wakulima kujenga mabwawa ya mchanga, kuchimba matuta ya fanya juu, yaani mitaro ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu wa mteremko, na kuotesha miche ya mukau na mwarobaini. Wafanyakazi wenye mkataba ni watatu: mratibu, mhasibu na afisa mmoja wa nyanjani. Mbali na hao wako wahamasishaji tunaowaita watu wa kujitolea, wengi wao akina mama, ambao hurudishiwa nauli ya bodaboda na kupewa chakula cha mchana siku za mafunzo, basi.

Sasa mfadhili ametuongezea fedha zinazotosha mshahara wa mtu mmoja kwa miaka miwili. Wenzangu katika kamati wanataka tuajiri afisa wa pili mwenye shahada ya masuala ya mazingira, ila mimi naona fedha hizo ziwafikie wahamasishaji. Nilipokuwa nikilinganisha ripoti za robo mwaka na stakabadhi, niligundua kwamba karibu kila takwimu tunayompelekea mfadhili, yaani mita za matuta, miche iliyoshika na watu waliofika kazini, imenakiliwa kutoka daftari la shule la mhamasishaji mmoja. Amelipiga mistari kwa rula, kila mwanakikundi ana safu yake, na aliyekosa kufika ameandikiwa sababu: ugonjwa, matanga, mtoto karudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Jina la mama huyo halimo katika ripoti hata moja.

Naomba ushauri wa wenye uzoefu. Je, tukianza kuwalipa, hatutaua moyo wa kujitolea ambao ndio umelifikisha shirika hapa lilipo?

Afisa mstaafu wa nyanjani, Umoja

Ndugu Mweka Hazina, nimefanya kazi na wakulima wa Ukambani kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nakuomba usilegeze msimamo wako mbele ya kamati. Huenda wenzako hawajapata kuelezwa mhamasishaji anafanya nini hasa, kwa hiyo nitaanzia hapo.

Ukuta wa bwawa la mchanga hujengwa juu ya mwamba kukatiza mto wa msimu. Mvua za Oktoba hadi Desemba na zile za Machi hadi Mei huteremsha mchanga unaojaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga huo, pengine robo ya ujazo wake au zaidi, mahali ambapo jua haliyakaushi upesi na mbu hapati pa kuzalia. Lakini mto haubebi mchanga peke yake. Miteremko ya juu isipokuwa na matuta wala majani, kinachoshuka kwa wingi ni tope laini, na bwawa lililojaa tope halitoi maji ya maana hata ukichimba kisima ubavuni mwake. Kwa hiyo uhai wa ukuta uko mikononi mwa familia zinazolima juu ya mlima, ambazo mara nyingi si zile zinazochota maji bondeni. Ni lazima mtu apande huko, aketi nao, awashawishi wachimbe mtaro kwa kufuata usawa wa mteremko na kutupa udongo upande wa juu, kisha arudi baada ya mvua kuona ni tuta gani limebomoka. Mtu huyo lazima awe anajua nani ana ugomvi wa mpaka na nani, na shamba gani mwenyewe anaishi Mlolongo na linalimwa na shemeji yake. Afisa wenu wa nyanjani, hata awe hodari vipi, hawezi kuyajua hayo katika vijiji vyote anavyovizungukia kwa pikipiki.

Kuhusu kuua moyo wa kujitolea, hofu yako ina msingi, ila iwekeni mahali pake. Mwethya ni kazi ya kusaidiana: leo tunachimba kwangu, kesho kwako, na hakuna anayemlipa mwenziwe. Msiiguse hiyo kamwe. Mkimlipa mtu kwa kuchimba tuta la shamba lake mwenyewe au kusomba mawe ya bwawa atakalochota maji, kikundi kitavunjika siku fedha zitakapokwisha. Lakini kutembea hadi vijiji vingine vitatu, kupima, kuandika na kufundisha wageni si mwethya. Hiyo ni kazi mnayomtuma nyinyi, na matunda yake mnayatumia nyinyi.

Wala hamtakuwa wa kwanza. Vuguvugu la Green Belt, lililoanzishwa na Wangari Maathai mwaka 1977, liliwalipa akina mama kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika, na wao hawakuacha kuwa wanavikundi kwa sababu hiyo. Serikali nayo, baada ya miaka mingi ya kuwategemea wahudumu wa afya vijijini bila malipo ya kudumu, mwaka 2023 iliwapangia wahamasishaji wa afya ya jamii marupurupu ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Ni kidogo, lakini angalau yamekubali kwamba ile ni kazi.

Mhandisi wa maji, Ruiru

Nakubaliana na Mzee kwa mengi, ila sitaki kamati iondoke hapa ikidhani kwamba mtaalamu hahitajiki. Ukuta ukiwekwa juu ya mwamba wenye nyufa, maji hupenya chini na wanakijiji hubaki na mchanga mkavu baada ya wiki kadhaa za kubeba mawe. Mabawa ya ukuta, yaani ncha zake zinazoingia kwenye kingo za mto, yakiwa mafupi, mafuriko ya kwanza huzunguka pembeni, hula ukingo na kuutobolea mto njia mpya. Makosa kama hayo hayarekebishwi kwa moyo mwema.

Hata hivyo, kazi hiyo ni ya majuma machache ya kiangazi, wakati mto umekauka na mwamba unaonekana. Ajirini mhandisi kwa mkataba wa muda huo, mumlipe vizuri, na wahamasishaji waandamane naye wakati wa kupima ili wao ndio waukague ukuta kila baada ya mvua kubwa. Mshahara wa miaka miwili kwa afisa wa pili sioni utakuwa wa kazi gani.

Wakili, Ngara

Nitagusia upande wa sheria tu. Mahakama haitazami jina mlilompa mtu. Hutazama uhusiano wenu ulivyo. Mkimpangia mhamasishaji siku za kazi, mkamsimamia na kumlipa kila mwezi, ni vigumu kuendelea kumwita mtu wa kujitolea. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uwe wa maandishi, na mwajiriwa apate likizo ya malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa kila miezi 12. Kuna pia NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya, na asilimia 1.5 ya mshahara kwa ushuru wa nyumba, ambayo mwajiri huiongezea kiasi kama hicho hicho. Yaingizeni haya katika bajeti kabla ya kugawanya fedha, mkizingatia pia kima cha chini cha mshahara, na msisahau bima ya ajali kazini, kwa maana watu wenu wanapanda bodaboda katika barabara mbaya.

Mweka hazina, Kasarani

Nawashukuru sana. Nitapeleka pendekezo la mhandisi wa muda na wahamasishaji wawili au watatu wa mkataba wa nusu siku, na majina yao yawe ndani ya ripoti. Limebaki moja, Mzee: tunao wahamasishaji zaidi ya hao, nani achague watakaolipwa?

Afisa mstaafu wa nyanjani, Umoja

Kikundi chenyewe, katika baraza lao, bila mtu wa ofisi kuketi mbele. Wapeni masharti mawili tu: awe anakaa kijijini, na awe tayari kumfundisha mwenzake kuandika lile daftari. Fanyeni hivyo kabla ya Oktoba, kwa sababu mvua ikianza hakuna atakayekuwa na nafasi ya mkutano.