Letopisi kuwa riwaya: Balashov, Yan au Vodolazkin?

WinoMkavu: Wakuu, tulinganishe waandishi hawa watatu wa riwaya wa Kirusi. Watawa wa Urusi ya kale waliandika letopisi, yaani kumbukumbu za matukio, mwaka kwa mwaka, na miaka mingine wameiacha na mstari mmoja, au mitupu kabisa. Mwandishi wa riwaya azibe vipi? Balashov, kwenye mfululizo wake wa watawala wa Moscow, anafuata mpangilio wa letopisi na mapengo anayajaza maisha ya watu wa kawaida. Yan katika *Batu* (1942) anashika uvamizi mmoja, ule wa Wamongolia, na kutunga kwa uhuru zaidi. Vodolazkin katika *Opravdanie Ostrova* (2020) anabuni kisiwa kizima, kisha anakiandikia letopisi yake. Mimi nampa Balashov.

Kurasa: Ukimfuata Balashov, anza na tarehe. Letopisi huhesabu tangu kuumbwa dunia: toa 5508. Lakini mwaka wao kwa kawaida ulianza Machi, kwa hiyo tukio la Januari au Februari unatoa 5507. Katika uvamizi huo wa Wamongolia, mji wa Ryazan ulianguka Desemba 1237, wa Vladimir Februari 1238, na habari zote mbili zimo chini ya mwaka 6745. Ukitoa 5508 kote, Vladimir inateketea miezi kumi kabla ya Ryazan! Halafu kuna waandishi waliokuwa mbele kwa mwaka mzima, ndiyo maana lazima ulinganishe nakala ya Lavrenty (1377) na ile ya Ipaty.

Shomoro3: Kwa Yan kuna mtego mwingine. Yevpaty Kolovrat, shujaa wa Ryazan, hayumo kwenye letopisi za karne ya 13. Yumo kwenye Kisa cha kuangamizwa Ryazan, na nakala zake tulizonazo ni za karne ya 16 kuja huku. Kumtumia si kosa, kosa ni kusema "letopisi yasema". Vilevile kifo cha Igor, mtawala wa Kiev, mwaka 945: letopisi inasema kabila la Wadrevlyane lilimuua, basi. Habari ya kufungwa kwenye miti na kuchanwa vipande viwili inatoka kwa Leo Shemasi, Mgiriki wa Byzantium.

WinoMkavu: @Shomoro3 hapo nakubali. Na kisasi cha Olga, mjane wa Igor, je?

Shomoro3: Hapo ndipo pana utamu. Anadai njiwa watatu na shomoro watatu kwa kila nyumba ya Iskorosten, mji wa Wadrevlyane, kila ndege anafungiwa kwa uzi kitambaa chenye kitu cha kuwasha moto, giza likiingia wanaachiwa warudi viotani. Wengi wanaharibu kwa kumpa Olga hotuba ndefu. Mtawa ameacha wazi kazi ya mikono: nani alishika ndege mamia bila kuwavunja mbawa, uzi ulikuwa na urefu gani hata moto usimfikie ndege kabla ya paa? Jaza hayo. Ila ujue letopisi ya kwanza ya Novgorod haina kisa hiki cha ndege.

Kurasa: Na ndiyo maana mimi naenda na Vodolazkin. Anaacha nakala zibishane: mtawa anaandika, Parfeny na Ksenia, watawala wa kisiwa wenye umri wa miaka 347, wanamsahihisha pembeni. Balashov hana budi kuchagua nakala moja na kunyamazia nyingine.

WinoMkavu: Mkuu, kisiwa cha kubuni hakina nakala ya kumsuta mtu. Hiyo ni kukwepa mtihani.

Kurasa: Basi mpe Balashov huyo mwaka mtupu, tuone.