Naomba ushauri: wavuvi kuwa watafiti wenzetu Kigoma

Habari wakuu. Tunaandaa utafiti wa kipindupindu kwenye mialo ya Ziwa Tanganyika. Ugonjwa huu uliua watu Kagunga mwaka 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipofurika pale. Nataka wavuvi na kina mama wanaoanika dagaa wawe nasi tangu kupanga maswali, kabla hata ya kuomba kibali NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), siyo kuitwa tu kujibu dodoso. Vikao tutaweka siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapopumzika.

Kinachonitatiza ni malipo. Posho ya kikao naiona ndogo mno kwa mtu anayefanya kazi ya utafiti, ila wenzangu wanahofia tukizidisha itaonekana tumewanunua. Na je, mwenyekiti wa kijiji akileta majina ya ndugu zake watupu? Mliowahi kufanya hivi, mliwachaguaje watu, na mliwalipaje?