Baba amezibwa kifuko cha moyo, mbona bado anameza dawa za kuzuia damu kuganda?

Binti wa Likoni:
Habari zenu, ndugu zangu. Baba yangu ana umri wa miaka 74, tunaishi naye Marekani, na ana mpapatiko wa atria, yaani ule ugonjwa wa moyo kupiga bila mpangilio. Kwa kuwa alitokwa na damu tumboni mara mbili akiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, wiki mbili zilizopita madaktari walimpitishia mrija kinenani hadi moyoni, wakamwekea kifaa kiitwacho Watchman FLX kinachoziba kile kifuko cha chemba ya juu ya kushoto. Tulidhani habari ya vidonge imekwisha, kumbe ametoka hospitali na warfarini pamoja na aspirini. Kila asubuhi huviweka vidonge hivyo kwenye kisahani cha chai, akavitazama, kisha akaniuliza, "Sasa kilichozibwa ni nini?" Je, anaweza kuviacha mapema?

Muuguzi wa wodi ya moyo:
Mzee ana haki ya kuuliza, kwani alizibwa kifuko hicho ili aepukane na dawa hizo hizo. Kwa wagonjwa wa mpapatiko wasio na ugonjwa wa vali, yaani milango ya moyo, mabonge mengi ya damu yanayoleta kiharusi huanzia humo. Hata hivyo, kifaa chenyewe ni waya na kitambaa, na damu ikigusa kitu kigeni huelekea kuganda juu yake, mpaka utando laini wa moyo utambae na kukifunika. Kwa hiyo katika wiki hizi za mwanzo, kilichowekwa kuzuia bonge kinaweza kuwa ndicho kinachoota bonge.

Utaratibu uliozoeleka tangu Watchman ya kwanza iidhinishwe Marekani mwaka 2015 ni warfarini na aspirini kwa siku 45 hivi, kisha moyo hupigwa picha kwa mpira unaoshushwa kooni. Ikionekana kwamba hakuna bonge, na kwamba upenyo wa damu kandokando ya kifaa hauzidi milimita 5, warfarini husimamishwa, klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, huchukua nafasi yake hadi miezi sita itimie tangu kuwekewa kifaa, na baada ya hapo hubaki aspirini. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu pia waliowekewa FLX watumie aspirini na klopidogreli tangu mwanzo, bila warfarini. Kwa mtu aliyekwisha kutokwa na damu, mngemuuliza daktari wake kwa nini hakuchagua njia hiyo. Huenda anayo sababu. Asiache kwa uamuzi wake mwenyewe, hata siku moja.

Mkongwe wa Columbus:
Dada, mimi nilizibwa mwaka juzi. Kilichonitesa ni kipimo cha INR, yaani cha kuonyesha damu inachukua muda gani kuganda, ambacho kwangu kilitakiwa kikae kati ya 2 na 3, nami wiki moja nala sukuma wiki kila siku, wiki inayofuata siigusi kabisa. Mboga za majani zina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya warfarini. Si lazima aziache, ila ale kiasi kilekile kila wiki. Tena mzuie asimeze ibuprofeni, ile dawa ya maumivu, kwa ajili ya magoti, kwani inaweza kumtoa damu tumboni, na wazee tuna tabia ya kujitibu kimyakimya. Akiona choo cheusi kinachonata kama lami, hiyo ni dalili ya damu tumboni, msingoje kupambazuke, mpelekeni hospitali.

Binti wa Likoni:
Nashukuru sana, kaka, nawe muuguzi. Nimekuta ibuprofeni kwenye mfuko wa koti lake. Swali la mwisho: alitaka kusafiri kwenda Mombasa mwezi ujao, kabla ya siku hizo 45 kutimia.

Muuguzi wa wodi ya moyo:
Mimi ningemshauri asubiri ile picha. Akisafiri kabla yake, atakuwa mbali na waliomwekea kifaa, INR yake haina anayeifuatilia, na hakuna aliyekwisha kuthibitisha kwamba kifuko kimezibika.

Binti wa Likoni:
Tumeisogeza tiketi. Amenuna, lakini vidonge amemeza.