KERO: Nyimbo za Krismasi madukani tangu Novemba. Sisi tunaofanya kazi humo tumewakosea nini?

Wakuu, habari za jioni.

Nimetoka kazini, nipo kwenye daladala ya Gongo la Mboto, nimesimama, na dereva kafungulia redio. Tangazo la dawa ya mbu limeisha, mnajua kimefuata nini? Kengele. Kengele zilezile! Nusura nishuke Tazara niendelee kwa miguu. Naandika huku mkono mmoja umeshika bomba, kwa hiyo makosa ya herufi mnisamehe. Na mods tafadhali msinipeleke jukwaa la dini, hii ni kero ya kazi.

Mimi ni keshia kwenye supamaketi moja hapa Dar. Jina silitaji, mshahara wa Desemba bado nauhitaji. Tarehe 8 Novemba niliingia shifti ya asubuhi nikakuta mti wa plastiki umesimamishwa mlangoni, umetandazwa pamba za duka la dawa eti ndiyo theluji, na ofisini flashi imeshachomekwa. Flashi ile ina nyimbo 14. Nimezihesabu mara nyingi kuliko ninavyohesabu hela yangu mwenyewe. Zinaisha kwa dakika kama 50, halafu zinaanza upya. Sheria ya Ajira inasema mwisho saa 9 kwa siku, na mimi zote tisa nakaa pale kaunta, spika ipo juu ya kichwa changu kabisa, upande wa kushoto. Kila wimbo naupata mara kumi kwa siku, siku sita kwa wiki, na hadi sikukuu ifike zitakuwa wiki karibu saba. Wenye vikokotoo pigeni hesabu.

Mteja yeye anaingia, anachukua mafuta ya kula na unga wa ngano, dakika kumi na tano ametoka. Anaondoka anatabasamu, "Jamani huku mmeshaingia kwenye sikukuu!" Dada yangu, wewe ndiye umeingia. Sisi hatujatoka.

Nyimbo zenyewe wamekwenda kuingiziwa kwenye kibanda, maana wimbo wa tisa katikati kuna DJ anapiga kelele ya jina lake, na wa kumi na moja unakatika kabla ya kiitikio cha mwisho. Unakatika tu, kama mtu kazibwa mdomo. Kila siku mara kumi nasubiri umalizike na haumaliziki. Nikilala kichwa changu ndicho kinaumalizia. (Kuna sheria ya hakimiliki tangu 1999 na kupiga muziki wa watu kwenye biashara kunahitaji leseni, lakini hayo namwachia mwenye duka na dhamiri yake.)

Sasa kabla hamjaja na "wewe una mapepo" au "utakuwa mpinga Kristo", nisikilizeni. Mimi ni Mkatoliki, mzaliwa wa Kibosho, naimba kwaya tangu kidato cha pili, sauti ya pili. Noeli naipenda, na kinachoniuma ni hicho hasa.

Leo ni tarehe 11 Desemba. Parokiani kwetu ni Majilio, zile wiki za kuisubiri Noeli. Padre anavaa zambarau, wimbo wa Utukufu hauimbwi Jumapili, altare haina mbwembwe. Nyimbo za Noeli tunazifanyia mazoezi Alhamisi jioni, lakini ukiropoka moja kwenye misa ya Jumapili mwalimu wa kwaya anakuangalia kama umeingia na kandambili. Zina siku yake. Usiku wa tarehe 24, kanisa limejaa mpaka watu wamekaa kwenye matofali nje, Utukufu unarudi baada ya Jumapili nne, kengele zinalia, wamama wanapiga vigelegele, mwili mzima unasisimka. Unasisimka kwa sababu umesubiri! Sasa mimi mwaka huu nitafika pale mkesha masikio yameshavimbiwa. Nitakuwa kama mtu aliyeonja pilau sufuria zima, halafu mnamkaribisha mezani.

Mwenzangu wa kaunta ya pili ni Muislamu, mtu wa Tanga, mtaratibu sana. Ndiye aliyenifungua macho. Aliniuliza, "Hivi nyinyi sikukuu yenu ni lini hasa?" Nikamwambia si unajua, tarehe 25. Akasema, "Sisi takbira za Idi hatupigi Shaabani, kabla hata ya Ramadhani." Nikakosa jibu. Maskini naye hajapona, juzi nimemfuma anatoka kutia udhu huku anavumisha ule wa kijana aliyeachwa na mpenzi wake Krismasi ya mwaka jana. Alipogundua alishika mdomo kabisa.

Na kichekesho ni kwamba Noeli kanisani ikianza ndiyo inaendelea mpaka Januari, Epifania, Ubatizo wa Bwana. Dukani je? Tarehe 26 asubuhi mti umeshalazwa kwenye boksi, flashi imechomolewa, yanabandikwa mabango ya madaftari na mabegi ya shule. Wiki saba tumepigiwa sikukuu isiyokuwepo, ikifika yenyewe wanaifukuza.

Tuje kwenye maneno ya hizo nyimbo, maana mimi nimeshakuwa mtaalamu bila kupenda. Ule wa kengele ambao kila mtoto anaujua ni wa mwaka 1857, Marekani, na humo ndani Krismasi haitajwi, Yesu hatajwi, ni habari ya farasi anavuta kigari kwenye theluji na vijana wanafurahi. Wa Mariah Carey wa 1994 ni wa mahaba. Wa Wham! wa 1984, ndio huo wa kuachwa, ni wa mahaba yaliyovunjika. Nje nyuzi 32, jasho linachuruzika mpaka kwenye viatu, bodaboda wamejibanza kivulini, na sisi ndani tunaimbiwa baridi kali na moto wa kuota. Sawa, wenzetu huko kwao Desemba ni baridi kweli, wana haki ya kuimba. Sisi tuna mvua za vuli na maembe.

Lakini upo mmoja ukianza naomba ruhusa ya kwenda chooni. Ule wa wasanii wa Uingereza wa 1984, uliotungwa kuchangia njaa ya Ethiopia. Nia ilikuwa njema, nakubali. Ila wanaimba kwamba Afrika hakutakuwa na theluji Krismasi hii, na wanauliza kama watu wa huko wanajua kuwa ni Krismasi. Wakuu, mimi nimezaliwa Kibosho. Bibi yangu akitoka kukamua ng'ombe alfajiri, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hii hapa, mita 5,895, nyeupe pee, anaiona kabla hajanawa uso. Na Waethiopia wenyewe wana Ukristo tangu karne ya nne, sikukuu yao ya kuzaliwa Bwana wanaifanya tarehe 7 Januari. Huo wimbo unapigwa Dar es Salaam, nchi yenye Kilimanjaro, mimi Mchaga namkatia mtu risiti ya EFD chini yake, natabasamu. Mara kumi kwa siku!

Ninachoshindwa kuwasamehe kabisa ni Boney M.

Baba yangu alikuwa na kanda moja ya Boney M ya Krismasi. Mwaka mzima ilikaa kabatini imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, juu ya vyeti vyetu vya ubatizo. Ilitolewa tarehe 25 baada ya misa ya asubuhi. Anairudisha nyuma kwa kalamu ya Bic asimalize betri, anaiweka kwenye redio kaseti, anafungua mpaka mwisho, na ndiyo inakuwa Krismasi. Mbuzi yupo jikoni, kisusio kinanukia, mbege ipo kwenye kata, baba mdogo kaja na basi kutoka Dar anacheza na suruali yake ya kitambaa, sisi watoto nguo mpya zinawasha shingoni. Mpaka nakua, nikisikia ule wimbo wa mtoto wa Mariamu popote pale, nanusa moshi wa kuni. Nilikuwa. Sasa hivi nikiusikia nanusa sabuni ya kudekia ya ghorofa ya chini na naona foleni ya watu saba. Ni wimbo wa tatu kwenye flashi. Hicho walichonichukulia hakipo kwenye mkataba wangu.

Tusisahau yule Baba Krismasi wa betri. Ana saksafoni, amewekwa pembeni ya kaunta yangu, ukimgusa tumbo anatingisha kiuno na kupuliza. Kila mtoto anayepita anamgusa tumbo. Anapuliza wimbo mwingine tofauti na unaopigwa juu kwenye spika, na betri zimeanza kufa, kwa hiyo anapuliza polepole kama mtu anayezama. Na zile taa za kumetameta zenye kamlio ka pii-pii nazo zimewashwa kwa majaribio ili wateja waone kuwa zinafanya kazi. Tunaona. Zinafanya kazi.

Unajua raha yangu ya siku ni nini? Umeme ukikatika. Kuanzia unapokatika mpaka jenereta liitikie ni kama sekunde nane. Giza, kimya, hata watu wanashusha sauti. Naanza kumuelewa mteja mmoja aliyewahi kusema TANESCO nao wana faida yao.

Nilikwenda kwa meneja, kwa adabu zote. Nikamwambia bosi, naomba hata tupunguze sauti, au tupumzike saa nane mpaka saa kumi. Jibu: "Wateja wanapenda, inawatia hamu ya kununua." Nikarudi nyumbani, nikamsimulia mdogo wangu anayesoma masoko chuoni, akacheka. Akaniambia kuna Mmarekani, Ronald Milliman, mwaka 1982 alichapisha utafiti alioufanya ndani ya supamaketi: muziki ukiwa wa taratibu watu wanatembea polepole na mauzo yanapanda, ukiwa wa kasi wanapita haraka. Sasa flashi yetu yote ni mchakamchaka. Yaani hata kwenye hiyo biashara yake bosi anajipiga ngwala. Mimi wateja nawaona, akifika kwangu tayari anakunja uso, analipa anakimbia. Mama mmoja mtu mzima alinishika mkono akaniambia, "Pole mwanangu, hii unaisikia kutwa?" Nilikaribia kulia.

Na sisi si wa kwanza duniani. Hata Austria, kulikozaliwa ule wa Usiku Mtakatifu mwaka 1818, chama cha wafanyakazi wa maduka kilishawahi kulalamika hadharani kwamba nyimbo hizi zinawachosha akili watu wao. Wenye wimbo wenyewe! Huku kwetu baa ikipiga muziki usiku NEMC, wale wa mazingira, wanakuja. Mchana, ndani, juu ya kichwa cha keshia, anakuja nani?

Najua mtu ataandika "wekeni kwaya zetu". Nakubali nusu. Tuna Makuburi, tuna Uinjilisti Kijitonyama, tuna AIC Chang'ombe, tuna nyimbo za Bernard Mukasa ambazo ukiziimba vizuri unasahau deni la kodi. Ni aibu duka la Kitanzania kukosa hata moja. Lakini semeni ukweli, hata Mukasa huyohuyo ukimpiga mara kumi kwa siku kwa wiki saba, mwisho wake utamkimbia kanisani. Tatizo langu siyo uzungu wa wimbo. Tatizo ni kwamba aliyeshika kitufe anakaa ofisini, mlango umefungwa, na anayesikiliza hana kitufe.

Ninachoomba ni kidogo. Waanze tarehe 20 Desemba. Nyimbo ziwe hata 100, flashi ya kisasa inabeba zaidi ya hapo. Saa mbili za kimya mchana. Na yule wa saksafoni mumtoe betri.

Wenye maduka mliopo humu njooni mnijibu. Na wenzangu wa kaunta, za maduka ya simu, za nguo Kariakoo, njooni tulie wote.

MREJESHO, tarehe 13: Mliosema niweke pamba masikioni, nimejaribu. Mteja kaniambia nipe mfuko, nikampa mkate. Mliosema niache kazi, nitumieni kodi.

MREJESHO, tarehe 15: Leo asubuhi flashi haikuonekana. Ofisi imepekuliwa, mlinzi kahojiwa, na mimi nimehojiwa. Kwa muda wa saa nne, tangu kufungua, duka lilikuwa kimya. Unasikia friji za maziwa zinanguruma, unasikia mashine inavyokwangua risiti. Wa Tanga alipiga hesabu zake akiwa anatabasamu peke yake. Mteja mmoja kazunguka rafu zote mara mbili, kajaza kikapu, kasema leo humu kumetulia.

Saa sita mchana meneja karudi na flashi mpya. Ina nyimbo 6. Sita, wakuu. Wa kuhusu theluji ya Afrika upo.

Mwenye nyimbo za kwaya, hata 200, aje PM aniingizie. Flashi ninayo.